Nukta Yangu ya Mbulu

Tangu nirudi hakuna aliyeniuliza habari za afya. Pale kwa kinyozi, pale sokoni, hata kanisani wakati wa kupeana amani, swali ni moja tu: "Bwana Chura, ulimpata?" Nimechoka kujibu kwa vipande, kila mtu anaondoka na kipande chake na kukitia chumvi. Juzi nimesikia eti nililiwa na kiboko nikatapikwa. Kwa hiyo naandika yote mara moja, msome, halafu mniache nistaafu kwa amani.

Wengi mnaniita Bwana Chura bila kujua chanzo chake. Mimi ni fundi wa maabara hapa Morogoro, na kazi yangu ni kutunza stoo ya wanyama wa kwenye chupa: nyoka, mijusi na vyura wanaokaa ndani ya spiriti miaka nenda rudi. Kanuni ya kwanza ya kazi hiyo ni kwamba lebo haiachani na sampuli yake. Inaandikwa kwa penseli, inatumbukizwa ndani ya chupa pamoja na mnyama, na hata ikigundulika baadaye ina kosa, haitupwi. Unaandika nyingine na kuiweka kando yake.

Sasa kuna chura mmoja mdogo wa misitu ya Afrika ya Kati, wa Kamerun, Gaboni na Kongo, ambaye anaishi juu ya miti. Hafiki urefu wa kidole gumba. Vidole vyake vimeungana kwa ngozi na chini vina uvimbe laini wa kushikia gome. Jike hutaga kwenye vidimbwi na matundu ya miti yenye maji, kisha anakwenda zake, na dume ndiye anayebaki kulinda mayai. Zamani wataalamu waliwaweka vyura wa milima yetu ya mashariki kundi moja na huyo, mpaka walipogundua kwamba wa kwetu wanazaa watoto kamili na yule anataga, wakawatenganisha. Tangu hapo, kwenye ramani ya makazi yake, nukta zote zimerundikana upande wa Kongo. Zote isipokuwa moja, iliyoko Mbulu, na hiyo ni yangu.

Miaka thelathini iliyopita, mimi na mwenzangu Tluway, kijana wa Kiiraqw tuliyeajiriwa naye siku moja, tulimtoa chura kwenye tundu la mti katika msitu wa Nou. Lebo niliandika mimi. Sina shahada, sina kitabu, sijawahi hata kuwa mwenyekiti wa kikoba. Nilichokuwa nacho duniani ni ile nukta, na kwa miaka thelathini hakuna mgeni aliyeingia stoo akatoka bila kuonyeshwa.

Mwaka huu bosi wetu mpya, Dokta Neema, binti ambaye ningeweza kumzaa, akawa anaandaa ramani mpya. Akaiweka chupa yangu mezani, na kando yake kopo la vyura kama hao ambalo mgeni mmoja alilitoa Kongo na kutuachia zamani.

"Mzee Mkude," akasema, "chura wa Mbulu anafanana na hawa wa Kongo mpaka kwenye ncha za vidole. Halafu daftari linasema kopo lina saba. Ndani nimehesabu sita."

"Watu wa zamani walikuwa hawajui kuhesabu," nikamjibu.

Akanitazama kwa upole, na upole wa bosi ni mbaya kuliko ukali. Akasema nukta peke yake namna ile, mbali na ndugu zake wote, lazima iwe na ushahidi. Ama nimletee chura mwingine wa Mbulu, ama nimlete aliyekuwepo nilipomtoa wa kwanza. La sivyo ataifuta. Usiku ule sikulala. Kustaafu nilishakubali, lakini kustaafu halafu nukta ifutwe nyuma yangu, hapana.

Morogoro hadi Babati

Nilibeba chupa tupu ishirini, nyavu mbili, tochi, na ramani ya Mbulu niliyoitia nukta nyekundu. Spiriti sikubeba, kwa sababu kwenye basi hairuhusiwi. Fundi wa zamani hapati shida hapo, maana pombe kali yoyote inahifadhi chura, na pombe kali inapatikana kila mahali penye watu.

Jirani yangu kwenye basi alikuwa mama mmoja wa Kondoa mwenye kikapu cha mayai ya kuchemsha na viazi vitamu. Mpaka Dodoma tulikuwa kama ndugu. Kila nikimaliza yai ananipa lingine, ananichagulia hata chumvi. Baada ya Dodoma basi likapiga tuta, na chupa zangu zikalia.

"Baba, unaenda kuuza nini?"

"Siuzi, mama. Natafuta vyura."

Akafunika kikapu kwa kanga. Baadaye kidogo akauliza, "Wa kula?"

"Hapana, wa kuweka kwenye chupa."

Yai halikuja tena. Karibu na Kondoa mkanda wa injini ukakatika, tukakaa saa nne kando ya barabara. Abiria wote walipata kivuli cha kushirikiana, na mimi nilipata mti wangu peke yangu, kwa kuwa yule mama alishawaeleza wenzake. Nilimsikia akisema, "Anaonekana mtu mzima kabisa." Njaa ilinikamata nikiwa na kumbukumbu ya mayai sita. Babati niliingia jioni, nikala wali maharage sahani mbili bila kumwambia mtu kazi yangu.

Babati hadi Mbulu

Asubuhi nilipanda gari la Mbulu nikiwa na shati la mikono mifupi, shati la Morogoro. Mkinisikia nikisema Mbulu kuna baridi, msifikirie baridi ya mvua ya masika. Tulipoanza kupanda ukuta wa bonde pale Dareda, ukungu uliingia dirishani kama mtu aliyelipa nauli. Dereva alikuwa akipiga honi kila kona, nami kila kona nasema Salamu Maria. Tulipofika juu meno yangu yalikuwa yanagongana kushinda zile chupa. Stendi ya Mbulu nikanunua blanketi la kwanza nililoliona, jekundu lenye maua, la kitoto. Nilivaa hilo safari nzima na sijutii.

Mbulu wanasalimiana kwa utaratibu. Vijana wa bodaboda wananiona, wanazima pikipiki kwanza, "Shikamoo mzee," halafu ndipo wanagombania mzigo wangu. Nilikwenda kwenye mgahawa mmoja nikaletewa makande yenye maziwa mgando juu yake. Mimi Mluguru nilishtuka kidogo. Nikala kijiko cha kwanza kwa adabu, cha pili kwa mashaka, na cha tatu nikaomba waongeze.

Kosa langu lilikuwa kutandaza ramani mezani nikisubiri chai. Mwenye mgahawa, baba mmoja anayeitwa Boay, akaweka kikombe karibu kabisa na ile nukta nyekundu.

"Hapa ni Nou," akasema taratibu.

"Ndiyo. Natafuta mti wenye tundu. Niliuacha miaka thelathini."

"Ndani ya tundu kuna nini?"

"Chura."

Boay akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Chura," akarudia, kwa sauti ya mtu aliyepewa neno la siri. Akakataa kabisa nilipie chai, akasema yeye ana mizinga ya nyuki huko Nou, kila mti anaufahamu, na kesho asubuhi atanipeleka mwenyewe. Nikamshukuru Mungu kwa ukarimu wa watu wa Mbulu.

Dongobesh na msitu wa Nou

Asubuhi tulikwenda na pikipiki hadi Dongobesh, na kutoka hapo tukapanda kwa miguu kati ya mashamba ya ngano na mahindi kuelekea msituni. Sikuelewa kwa nini tulikuwa wanne. Shemeji wawili wa Boay walikuwa wameungana nasi, mmoja ana sululu na mwingine ana magunia matupu. Nikadhani wanaenda shambani. Shamba likapita, la pili likapita, bado wapo.

Msituni nilianza kazi. Kila tundu lenye maji nalimulika, natia kidole, naangalia. Katika tundu la tatu alikuwepo chura, moyo ukaruka, lakini alikuwa chura wa kawaida wa kwenye majani, yule mwenye vidole vya duara. La nne lilikuwa na nyigu, kidole changu kikawa kikubwa kuliko dole gumba. Tulipokaa kupumzika, Boay akanisogelea.

"Mzee, sisi ni watu wazima. Sema tu."

"Niseme nini?"

"Mjerumani alizika wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa sululu na magunia. Mjerumani alikuwa na boma Mbulu, na nchi hii nzima, popote Mjerumani alipokaa hata kwa juma moja, watu wanaamini aliacha sanduku la dhahabu chini ya mti na kuchora ramani. Nikaja mimi, mgeni mwenye umri, mwenye ramani, mwenye nukta nyekundu, mwenye mti. Kama ningekuwa mimi Boay, hata magunia ningebeba matatu.

Nilieleza habari za chura kuanzia Kamerun. Nilieleza dume anavyolinda mayai. Walisikiliza kwa heshima kubwa, na nilipomaliza mwenye sululu akauliza, "Na huyo chura anakaa mita ngapi chini?"

Mti wenyewe tuliupata saa nane, mloliondo ule ule, umenenepa, na tundu bado liko usawa wa kifua changu. Nikapeleka sikio kwanza, nikasikia mngurumo. Nyuki. Boay akasema kwa fahari kwamba hao ni wa kwake, wamehamia humo miaka mingi. Nilijaribu hata hivyo kuchungulia, na kilichofuata ni mbio. Niliacha wavu mmoja na hadhi yote. Nyuma yangu shemeji wawili walipiga sululu mara tatu kwenye shina kabla hawajakimbia, na mmoja akatoka na kijiko chenye kutu. Mpaka leo Dongobesh wanaamini ni kijiko cha Mjerumani, na kwamba mimi nimekwenda kutafuta uma wake.

Nilikaa pale chini nikipakwa asali kwenye uvimbe, mabegani blanketi la maua, nikasikia uchungu kweli. Mti upo, tundu lipo, chura hayupo. Kilichobaki ni shahidi.

Dongobesh hadi Basotu

Shahidi ni Tluway. Aliacha kazi mwaka ule ule, akaoa Basotu, akawa mkulima. Miaka yote tumepigiana simu sikukuu kwa sikukuu. Nilimpigia kabla ya safari kumwambia nakuja kwa ajili ya chura wetu.

"Mkude! Nakusikia vizuri! Watoto hawajambo? Mahindi huko vipi?"

"Chura wetu, Tluway. Nataka ukumbuke siku..."

"Halo? Halo? Mtandao!"

Nilipiga mara nne. Tukizungumza ng'ombe, mtandao unang'aa. Nikitaja chura, unakatika. Mara ya mwisho alinishauri nitafute Nou, nitafute msitu wa Marang, nitafute hata mlima Hanang wenyewe, ila Basotu nisisumbuke kufika, njia mbaya sana.

Njia ilikuwa nzuri. Nilipanda gari dogo la mizigo lililobeba nguruwe wawili na kabati la bibi harusi, na niliwekwa katikati ili nguruwe wasikwaruze kabati. Tukapita Haydom, tukashuka hadi nchi ikafunguka, ngano pande zote hadi macho yanachoka, na mlima Hanang umesimama peke yake mbele. Nilimwambia mlima, wewe na mimi tumefanana, nukta moja kwenye uwanda. Nguruwe mmoja akanikanyaga.

Njiani nilikuwa nakumbuka. Siku ile tulipompata chura, spiriti ilikuwa imekwisha, tukamtia kwenye chupa ya kahawa iliyojaa gongo, na lebo yangu ndani. Jioni yake homa ikanishika pale Dongobesh. Tluway akasema atakwenda Basotu peke yake kuangalia vyura wa ziwani, na chupa akaenda nayo, maana aliogopa kumwachia mgonjwa. Alirudi baada ya juma moja, chupa imeviringishwa kwa kitambaa na kufungwa kamba. "Usifungue," aliniambia, "harufu itakurudishia homa." Tulipofika Morogoro alifungua mwenyewe, peke yake, akaniambia lebo imeyeyuka ndani ya gongo, niandike nyingine. Nikaandika. Sikufikiria lolote, kwa sababu rafiki humfikirii.

Kwa Mzee Gidamis

Mke wa Tluway, Marta, alinipokea kwa kelele za furaha. Tluway alinipokea kama mtu anayepokea wito wa mahakama. Nyumba yao inaangalia ziwa, na uani sato walikuwa wakikaangwa. Nikafungua mdomo kusema chura, Tluway akauliza habari ya mvua za Morogoro.

"Kwanza akamsalimie baba," Marta akasema. Baba yake, Mzee Gidamis, Mbarbaig mwenye ng'ombe wake, anakaa nyumba ya pili kwenye boma hilo hilo. Mgeni hali chakula kabla ya kumsalimu.

"Mzee amelala," Tluway akasema haraka.

"Baba hajalala. Hata sasa anakohoa."

"Amelala huku anakohoa."

Marta hakumjibu, akanishika mkono. Mzee alikuwa ameketi juani, miaka yake tisini na zaidi, shuka nyeusi, fimbo magotini. "Shikamoo mzee," nikainama. "Marahaba," akaitikia, akamuuliza binti yake mimi ni nani.

"Ni Mkude, baba. Rafiki wa Tluway wa zamani, wa Morogoro."

Fimbo ikasimama. "Mkude aliyeandika barua?"

Nikamwangalia Tluway. Tluway alikuwa anaangalia ziwa kana kwamba ameliona leo.

"Sogea," mzee akasema. "Wewe ni mshenga wa namna gani? Unaandika barua ya posa, unatuma pombe, ninakubali, ninatoa mtoto. Halafu huji! Miaka thelathini! Shukrani yako ya mshenga nilikuwekea kondoo. Kondoo alikufa uzee."

Nikaomba radhi. Sikujua naombea nini, lakini mbele ya mzee kama yule unaomba kwanza, unaelewa baadaye.

"Ile pombe ilikuwa kali," akaendelea, sasa amelainika. "Mimi nimezoea ya asali. Ile ilikuwa na kinyama ndani, nikajua ni dawa. Nikainywa siku mbili. Kinyama nikampa mbwa. Mbwa akatoa povu siku nzima, lakini hakufa. Nikasema, hawa watu wa Morogoro wanajua dawa." Akamgeukia Marta. "Lete bati langu."

Marta akaleta kopo la bati la majani ya chai. Ndani yake kulikuwa na kadi ya ubatizo ya Marta, kipande cha shanga, na karatasi ndogo ya rangi ya tumbaku. Mzee akanipa kwa mikono miwili. Ulikuwa mwandiko wangu, wa penseli, wa ujana, kabla mkono haujawa mzito. *Chura. Dume. Msitu wa juu, Mbulu. Peke yake katika tundu la mti, akilinda mayai. Alipoguswa hakukimbia. Mkude.*

"Mimi sisomi," mzee akasema. "Nilimwita katekista, akanisomea mara tatu. Vijana wengine walikuja hapa kwa Marta. Mmoja amesema ana ng'ombe mia. Mwingine amesema baba yake ni mkubwa. Huyu hakujisifu. Amesema yeye ni chura tu, anakaa peke yake kwenye mti. Lakini ni dume, analinda mayai, na ukimgusa hakimbii. Nikamwambia mama yake Marta, huyu ndiye."

Kicheko na kilio vilikuwa vinagombania koo moja. Nikasema tu, "Ndiyo, mzee. Hakimbii."

Tulipokwisha kula samaki, Tluway alinichukua ufukweni. Viboko walikuwa wanapumua mbali, nami nilikuwa napumua kuliko wao.

"Miaka thelathini," nikamwambia, "nimewaonyesha watu chura wa Kongo. Nimewaonyesha wazungu! Umenifanya mwongo mzee mzima."

"Nilikuja kumwona Marta tu," akasema. "Sikuwa na posa, sikuwa na pombe ya asali. Nilikaa, nikaweka chupa chini nipumzike. Niliiweka mbele yake, Mkude. Sikufikiri. Mzee akaichukua, akasema 'Asante, nimepokea.' Kilichowekwa mbele ya mzee hakirudi. Ningesemaje? Nirudishie chura wangu? Marta alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu."

"Kwa hiyo ukachukua mmoja kwenye kopo la Kongo."

"Nilijua wewe ungefukuzwa kwa kupoteza sampuli. Halafu ulimfurahia sana. Kila siku unamshika, unamwangalia. Nikaona siwezi kuingia stoo ile tena. Kwa nini unadhani niliacha kazi nzuri nije kulima?"

Hasira ilikuwepo, sitasema uongo. Ningekuwa kijana ningemtosa. Lakini kabla sijapata neno, Marta alitokea nyuma yetu na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amesikia.

"Tluway," akasema polepole. "Uliniambia maneno yale uliyatunga wewe."

Tluway akaokota kokoto, akalitupa ziwani.

"Kila tukigombana unaniambia, 'Marta, kumbuka barua yangu.' Watoto wangu nimewasomea. Kwenye harusi ya mwanetu Tarmo umesimama mbele ya watu ukayasema kama Biblia! Kumbe ni habari za chura?"

"Ni habari za chura," nikakiri mimi, kwa kuwa mwandishi nilikuwa mimi.

Akakaa chini kwenye majani. Nikaogopa. Kumbe alikuwa anacheka, anacheka mpaka chai ikamwagika, anajipiga mapaja na kusema, "Niliposwa na chura! Na mbwa akatoa povu!" Tluway akaanza kucheka kwa woga, halafu kweli kweli. Na mimi, ambaye nilikuwa nimepoteza kila kitu mchana ule, nikajikuta nacheka pamoja nao.

Asubuhi ya kuondoka, Marta alinifuata na ile karatasi. "Dokta wako ataitaka," akasema. "Kama ni ya kazi, chukua. Baba nitamwambia mshenga ameiomba."

Niliishika. Karatasi ile ingenisaidia sana, ingekuwa ushahidi kwamba sikuota, kwamba kweli tulitoa chura kwenye tundu la Mbulu. Nikamtazama Tluway. Alikuwa amekaa mlangoni, miwani puani, anamenyea mjukuu wake viazi, na mjukuu amempanda shingoni anamvuta sikio. Hakuwa anakimbia.

Nikamrudishia Marta. Nikamwambia kazini kwetu lebo haiachani na sampuli yake.

Basotu hadi Morogoro

Safari ya kurudi haikuwa na la kusimulia, isipokuwa kwamba safari hii kila aliyeniuliza kazi yangu nilimwambia mshenga, na mayai nilipewa mpaka Morogoro.

Dokta Neema nilimweleza yote. Nilimwonyesha picha ya karatasi kwenye simu, kaishika Mzee Gidamis mwenyewe. Alicheka, kisha akaikuza picha akaisoma tena kwa makini. Akasema milima ya mashariki ina chura mwingine mdogo, wa ukoo tofauti kabisa, ambaye naye dume lake hulinda mayai kwenye tundu la mti. Pengine tulimpata huyo, na pengine hapana.

"Kama mngekuwa naye," akasema.

"Alinywewa," nikasema.

Nukta hakuifuta yeye. Aliniachia kipanya cha kompyuta. Nilibonyeza mara moja, nukta ikaenda. Mbulu ikabaki tupu kwenye ramani, nami niliumia, sioni haya kusema. Kisha nikachukua penseli kuandika lebo mpya. Ya zamani nikaiacha humo humo, kama kanuni inavyotaka. Ya pili niliandika hivi: *Chura huyu ni wa Kongo, wa saba wa kopo. Si wa Mbulu. Wa Mbulu alitumika kwenye posa, Basotu. Ndoa ipo.*

Dokta akasoma, akavua miwani akafuta macho. Nikamuuliza kama niipunguze, maana lebo za kitaalamu haziandikwi hivyo.

"Usipunguze neno," akasema. "Tia sahihi."

Nikatia, jina langu lote, nikaitumbukiza kwenye chupa.